Akipewa Ruhusa Hospitali, Hajapona Bado



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, hapa kwetu Nchelenge sisi ni hodari wa kumzuru mgonjwa akiwa amelazwa. Tunajaa St. Paul's kwa miguu na kwa baiskeli, wengine wanavuka maji kutoka visiwani. Akipewa ruhusa tu tunasema alhamdulillah, keshapona, na kila mtu anarudi kwenye nyavu zake. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea.

Mtoto mmoja wa madrasa yangu alilazwa kwa malaria kali, akaongezwa damu. Alirudi nyumbani anacheka. Mimi mwalimu wake nikaenda kumwona, nikakaa tangu alasiri hadi karibu na magharibi, na mama wa watu akamwacha mgonjwa akanipikia ugali na dagaa. Sikuuliza hata neno moja juu ya dawa. Kumbe vidonge vya mseto vilivyobaki vimefungwa kwenye kitambaa, akiba ya atakayeugua tena! Baada ya wiki mbili viganja vya mtoto vimepauka, mkojo kama chai ya rangi, akarudishwa wodini. Alipona, lakini mimi bado naona haya.

Sindano ya artesunate huua vijidudu upesi, ila ni lazima ifuatwe na vidonge siku tatu, mara sita, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Tena damu inaweza kupungua upya wiki kadhaa baada ya sindano hiyo. Na mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu hubaki hatarini kwa miezi. Ndiyo sababu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto hao, kwenye sehemu zenye malaria nyingi kama huku, waendelee kupewa dawa ya kuzuia malaria baada ya kutoka hospitali. Mwulizeni daktari habari hiyo kabla hamjafunga mizigo.

Najua mtasema ustadhi, pesa iko wapi? Kweli. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, na hiyo ndiyo miezi ya mvua na mbu. Basi jirani asiye na kwacha ana mikono. Amchotee maji mama mwenye mgonjwa. Ampeleke mtoto kliniki siku ya kurudi. Na chandarua (nasema hili kwa aibu) kifungwe juu ya kitanda, kisipelekwe ziwani.

Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na haki hiyo haiishii kwenye geti la hospitali. Wanafunzi wangu wakubwa sasa wanapokezana: jioni mmoja anapita kuhesabu vidonge na kutazama viganja, salamu dakika kumi, halafu anaondoka kabla hajapikiwa.

Wabillahi tawfiq.