Namba ya sutiye siyo cheti cha uanamke

Tumechoka na ile sauti ya soko la Ruvumera. Msichana anainama kwenye rundo la mitumba kutafuta sutiye, na muuzaji, mwanaume mzima, anapaza: "Weye hauna kitu, angalia za batoto!" Anayefuata ana kifua kikubwa, huyo anaambiwa eti ameshazaa. Sasa kifua gani kinaruhusiwa hapa Buyenzi?

Maneno hayo hayabaki sokoni. Tunarudi nayo nyumbani. Mmoja anajaza vitambaa, mwingine anajibana na kitenge mpaka pumzi inakata.

Halafu someni lebo yenyewe. Sutiye ile ile Mjerumani anaiandika 75B, Mfaransa 90B, Mwingereza 34B, na kwenye rundo zote ziko! Namba inatokana na mzunguko wa mbavu chini ya matiti, herufi ni tofauti kati ya hapo na kifua. Basi dada aliyelia "nimebaki 75" na yule anayejivunia 90 wanaweza kuazimana. Kweli tunachekana kwa hiyo?

Wakubwa wanasema mkimbizi afikirie chakula kwanza. Chakula tunakifikiria kila siku, asanteni. Lakini tulivuka Gatumba na miili hii hii, ndiyo mali pekee ambayo hatukuiacha Uvira. Tunataka sutiye inayokaa vizuri, na ikiwa ya lesi nyekundu tutaivaa, hata asipoiona mtu.

Jumamosi tunaenda wanne, na mita ya fundi cherehani. Muuzaji akipaza sauti, tunaanza kumpima yeye.