Picha Ukutani, Mabati Dukani

Mama mmoja wa Ruangwa ameniandikia barua ya kurasa tatu. Mumewe ni fundi seremala. Yeye mwenyewe hulima ufuta na korosho katika shamba alilorithi kwa wazazi wake upande wa Nachingwea. Malipo ya korosho yalipoingia, waliweka kando shilingi milioni mbili na nusu za kununua mabati, kwa kuwa nusu ya nyumba yao bado imeezekwa kwa nyasi. Ndipo akaja kijana nadhifu kutoka mjini, amebeba picha mbili kubwa ndani ya fremu nyeusi. Moja ni ya mkorosho mkongwe katika ukungu wa alfajiri. Ya pili ni ya mikono ya bibi kizee akibangua korosho. Chini ya kila picha pana sahihi ya mpiga picha, na kando yake imeandikwa 3/10, maana yake ni nakala ya tatu kati ya kumi.

Bei ya zote mbili ni milioni mbili na nusu. Kijana alijuaje kiasi kilichomo sandukuni mwao, barua haielezi.

Kijana huyo amewaeleza kuwa hizo si picha za kawaida bali ni sanaa, kwamba huko Ulaya na Marekani picha za namna hiyo huuzwa kwa mabilioni, na kwamba baada ya miaka mitano fedha yao itakuwa imezaa mara tatu. Mume amekubali, mke amekataa. Sasa wanalala wakipeana migongo, na mama anataka gazeti liamue.

Ndugu msomaji, gazeti haliamui mambo ya chumbani. Lakini hesabu ya kijana yule tunaweza kuikagua.

Kwanza tumpe haki yake: kuhusu mabilioni hakusema uongo. Mwezi Novemba 2011, huko New York, picha ya mto Rhine iliyopigwa na Mjerumani Andreas Gursky iliuzwa mnadani kwa dola milioni 4.3 za Marekani. Ni picha ya maji, majani mabichi na mbingu ya kijivu, basi. Majengo na watu waliokuwapo mpiga picha aliwaondoa kwa kompyuta. Mwezi Mei 2022 picha ya Man Ray ya mwaka 1924, iliyo maarufu kwa jina la Le Violon d'Ingres, ilifikia dola milioni 12.4. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya bilioni 25. Mtu akisikia habari hizo akiwa Ruangwa, chini ya paa linalovuja, hatuna haki ya kumcheka akianza kuota ndoto.

Ila na tutazame picha ni kitu gani. Mchoraji akimaliza mchoro wake, mchoro ni mmoja. Mpiga picha ana negativu, au siku hizi ana faili ndani ya kompyuta, na kutoka humo anaweza kusafisha nakala kumi, elfu moja, au kadiri karatasi itakavyodumu. Kwa hiyo uhaba wa picha hautoki katika picha yenyewe. Hutoka katika ahadi ya mwenye picha kwamba hatasafisha nyingine. Ile 3/10 ni ahadi iliyoandikwa kwa wino, wala si zaidi. Je, ni kumi za ukubwa huo tu, na mwakani zitatoka nyingine kumi zilizo ndogo kidogo? Nani anatunza daftari la wanunuzi? Picha ile ya mto Rhine ilitolewa nakala sita, na baadhi ya nakala hizo zimo katika majumba makubwa ya makumbusho, New York na London. Huko ahadi ina mashahidi. Ruangwa shahidi ni kijana mwenyewe, naye ana safari ya kurudi mjini.

Jambo la pili ni kwamba habari za mnada hutufikia kwa upande mmoja tu. Tunasikia picha iliyoshinda. Zile zilizokosa mnunuzi, au zilizouzwa kwa hasara, hazipigiwi tarumbeta. Mwaka 2014 mpiga picha wa Australia, Peter Lik, alitangaza kuwa ameuza picha moja kwa dola milioni 6.5. Mauzo hayo hayakupita mnadani, na jina la mnunuzi halikutolewa. Mwaka uliofuata gazeti la New York Times lilichunguza biashara yake. Ilionekana kwamba picha zake hutolewa kwa mamia ya nakala, na kadiri nakala zinavyokwisha dukani ndivyo dukani hapo hapo bei inavyopandishwa. Lakini wanunuzi waliojaribu kuziuza tena walikutana na dunia nyingine: bei kubwa kabisa ya picha yake iliyokuwa imepatikana mnadani haikufika dola 16,000.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Bei ya kununulia hutajwa na muuzaji. Bei ya kuuzia hutajwa na mtu mwingine kabisa, ambaye pengine hayupo. Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hawahitaji kufundishwa somo hili. Korosho ina ghala, ina mizani, ina mnada unaotangaza bei ya kilo mbele za watu. Hata hivyo bei huanguka. Mwaka 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za mnadani, hata Serikali ikaingia kati na kutangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ikiwa zao lenye wanunuzi wa kutoka ng'ambo linayumba namna hiyo, je, mkorosho wa kwenye fremu utauzwa ghala gani? Mama huyu akipata mgonjwa usiku wa manane, amkimbilie nani na picha kwapani?

Na Nachingwea ina kumbukumbu yake kuhusu hesabu tamu za karatasini. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wakafyeka mapori Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga reli hadi Mtwara. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, ikang'olewa. Waliopanga mradi ule walikuwa wasomi wenye makarani na ramani, si fundi seremala mmoja na mkewe.

Pengine kijana atajibu kwamba Mwafrika naye amepata bei. Ni kweli. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alifungua studio mwaka 1948, akawapiga picha watu wa mji wake, wao wakilipa bei ya kawaida ya studio. Katika miaka ya 1990 picha zile zile zilikuzwa na kuuzwa New York kwa maelfu ya dola. Lakini zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na alipofariki mwaka 2001 ukazuka mgogoro juu ya haki ya negativu zake. Waliokaa mbele ya kamera, wamevaa nguo zao za sikukuu, hawakununua kitega uchumi. Walinunua sura zao.

Sisemi picha ya mkorosho ni mbaya. Huenda ni nzuri sana, na mpiga picha mwenye jicho anastahili ujira kama fundi mwingine yeyote. Mume wa mama huyu anajua kupanga bei ya meza: mbao, misumari, vanishi, siku za kazi, na faida yake. Amkalishe kijana wapige hesabu ya picha kwa njia hiyo hiyo, wakianzia na fremu, ambayo yeye angeitengeneza vizuri zaidi. Kisha amwombe aandike kwa mkono wake kwamba baada ya miaka mitano atazinunua tena kwa bei aliyoitaja. Akikubali kuandika, mniletee karatasi hiyo. Nami nataka kuiona.

Ukurasa wa tatu wa barua una jambo ambalo mama ameligusa kwa mistari miwili tu, kana kwamba ni dogo. Kwa mama mkwe wake, Nachingwea, lipo sanduku la picha za zamani: za arusi, za shule, na moja ya vijana wanne waliosimama studio, nayo ni ya zama zile wapiganaji wa Frelimo walipokuwa na kambi yao huko. Mchwa wameanza kula pembe zake, na mama anauliza kama zitupwe.

Zisitupwe. Zihamishiwe katika bati la biskuti lenye kifuniko, mbali na sakafu na unyevu, na nyuma ya kila moja yaandikwe majina kwa penseli, si kwa wino. Katika wale vijana wanne, anasema, wawili hakuna anayewajua tena isipokuwa bibi mwenyewe, ambaye macho yake yamefifia. Aelezwe taratibu nani amesimama wapi na amevaa nini, aulizwe majina wiki hii.