Kadi ya Mmoja, Bima ya Mwingine

Makambini gari huuzwa kwa haraka. Askari apataye uhamisho humwuzia mwenzake. Fedha huhesabiwa, funguo hutolewa, na kadi ya gari huachwa katika jina la muuzaji hadi "mwezi ujao". Mwezi huo haufiki. Muuzaji yuko Moroto, mnunuzi yuko Mbarara, na stika ya bima iliyo kiooni ingali ya yule wa kwanza.

Wengi hudhani kwamba bima hufuata gari kama kupe afuatavyo ng'ombe. Sivyo. Bima ni mapatano baina ya kampuni na mtu. Mwaka 1938 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, nchi ambayo sheria zake za bima ndizo chimbuko la zile za Uganda, Kenya na Tanzania, iliamua shauri la mtu aliyeuza gari pamoja na hati yake ya bima. Mnunuzi alimjeruhi mtu barabarani. Kampuni haikulazimishwa kulipa.

Je, mtu aweza kulikatia bima gari lenye jina la mwingine? Aweza, mradi awe na maslahi katika gari hilo, yaani likiharibika hasara imwangukie yeye. Aliyelinunua na kulilipia anayo, hata kadi ikiwa haijabadilishwa. Asiye nayo hapati kitu. Mwaka 1925 mtu mmoja wa Ireland alishindwa katika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza kwa sababu hiyo. Alikuwa amezikatia bima mbao kwa jina lake, ilhali amekwisha kuziuza kwa kampuni ambayo hisa zake zote zilikuwa zake mwenyewe! Moto uliziteketeza, naye hakulipwa hata senti.

Kinachowaponza wengi zaidi ni kunyamaza. Fomu ya bima huuliza mwenye gari ni nani. Ajibuye "mimi" bila kueleza kwamba kadi ina jina jingine huipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Heri ayaandike majina yote mawili, aambatishe hati ya mauziano na stakabadhi ya fedha, na adai jibu la kampuni kwa maandishi. Muuzaji naye asijione salama: ajali ikitokea, jina lililo kwenye kadi ndilo litafutwalo kwanza.

Mashaka makubwa humpata mjane. Mume amefariki, kadi ni ya mtu asiyejulikana alipo, na bima iko katika jina la marehemu. Gari hilo lisiendeshwe kwa mazoea. Kampuni ijulishwe, na hati ya usimamizi wa mirathi iombwe mahakamani. Kazi hiyo huwa nyepesi zaidi kwa mke aliyeuliza mapema kadi iko wapi na ina jina la nani, akaweka nakala yake pamoja na vyeti vya watoto.