Cheki Shimo la Waya Kabla Uhamie Hiyo Keja ya Kitengela

Kitengela saa hii ni mjengo juu ya mjengo. Ukishika Namanga Road kutoka Athi River, ghorofa mpya zinakufuata hadi ufike. Wasee wakienda kuona nyumba huuliza maji, Wi-Fi na parking. Shimo la waya haliulizwi na mtu, na hapo ndipo kuna noma.

Iko hivi. Ukuta mzuri wa mawe au zege unaweza kuzuia moto saa moja au zaidi, muda wa kutosha watu kushuka ngazi. Lakini fundi wa stima lazima atoboe, kutoka kwa mita hadi orofa ya mwisho. Akipitisha nyaya na kuacha shimo wazi, huo ukuta unabaki wa kuficha majirani tu. Moto ukianzia chini, shimo linageuka bomba la moshi. Plastiki ya waya ikiungua hutoa moshi wenye asidi, na moshi hukufikia kabla ya moto.

Mafundi wengine huziba na ile foamu ya mkebe ya kuzungushia fremu za madirisha. Inakaa poa, halafu inashika moto. Hii si story ya kijiweni. Tarehe 22 Machi 1975, kwa mtambo wa nyuklia wa Browns Ferry huko Alabama, Marekani, mfanyakazi alikuwa anatumia mshumaa (ndio, mshumaa!) kucheki kama hewa inavuja kwa shimo la nyaya lililozibwa na foamu. Foamu ikashika, moto ukapenya ukuta ukifuata nyaya, ukawaka karibu saa saba na kuharibu nyaya zaidi ya 1,600. Huo ulikuwa mtambo wa nyuklia. Sasa fikiria ploti ya orofa sita.

Dawa ipo: unashindilia pamba ya mawe, kisha unapaka ile gundi maalum inayovimba ikipata joto na kujaza nafasi plastiki inapoyeyuka. Simiti pekee ni afadhali kuliko shimo wazi, ila plastiki ikiisha, njia inafunguka. Shida ni kwamba gundi haionekani kwa picha za tangazo kama tailsi.

Kanuni mpya za ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Fiti. Lakini hata kaunti ikipitisha ramani na NCA wakikagua saiti, mashimo huendelea kutobolewa watu wakishahamia. Kampuni ya intaneti inakuja na drili, halafu ya pili, halafu wa CCTV, na hakuna anayerudi kuziba. Hapo lawama napeleka kwa mwenye ploti. Yeye ndiye huwafungulia geti.

Ukienda kuona nyumba, omba ufunguliwe kabati la mita, washa tochi ya simu, angalia juu. Ukiona mwanga wa orofa inayofuata, uliza shimo litazibwa lini na litazibwa na kitu gani, kabla hujatuma dipoziti.