Nyayo House na historia isiyotakiwa kutunzwa

Kila siku ya kazi, mamia ya Wakenya hupiga foleni katika jumba la Nyayo, jijini Nairobi, kutafuta pasipoti. Wengi wao hawana habari kwamba chini ya jumba hilo mna vyumba vidogo visivyo na madirisha ambamo, katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wahadhiri, wanafunzi, wanahabari, mawakili na wakulima wa kawaida walifungiwa gizani, wakavuliwa nguo, wakanyimwa chakula na kulazimishwa kukaa majini kwa siku kadhaa.

Februari 2003, majuma machache baada ya muungano wa Narc kutwaa mamlaka, serikali iliifungua milango ya vyumba hivyo mbele ya wanahabari na baadhi ya waathiriwa. Ahadi ilitolewa kwamba mahali hapo pangehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Zaidi ya miongo miwili baadaye jumba lingali ofisi ya serikali, na aliye na haja ya kuviona vyumba hivyo hana makumbusho ya kuingia wala tiketi ya kukata.

Suala hili si la majengo pekee. Linahusu namna udhalimu unavyopita kutoka utawala mmoja hadi mwingine kwa sababu ushahidi wake umefichwa, umechomwa au umeachwa ukae vumbi.

Mfano wa awali ni Hola. Mnamo Machi 1959 wafungwa 11 wa vita vya Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi hiyo. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi uliofuata uliufichua uongo huo, lakini Waingereza walipoondoka mwaka 1963 sehemu kubwa ya nyaraka za enzi ya hali ya hatari ilikuwa imeteketezwa, na nyingine kusafirishwa kwa siri hadi Uingereza. Serikali ya London ilikuja kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa nazo, zikiwemo takriban faili 1,500 zilizotoka Kenya, zikiwa zimehifadhiwa huko Hanslope Park. Kukiri huko kulitokana na kesi ya wazee wa Mau Mau. Mwaka 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa walalamishi 5,228. Bila faili hizo, na bila wanahistoria waliozifuatilia kwa miaka, huenda wazee wale wangeambiwa kwamba wanasimulia ngano.

Wakati huo wote Kenya huru nayo haikuwa na haraka ya kuikumbuka historia hiyo. Marufuku dhidi ya Mau Mau, iliyowekwa na wakoloni mwaka 1950, iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Haikuwa sadfa. Mwaka 1966 Bunge lilikuwa limeirejeshea serikali uwezo wa kumzuilia raia bila kumfungulia mashtaka, silaha ile ile iliyotumiwa na gavana wa kikoloni. Utawala uliokuwa ukitumia zana za mkoloni haungefurahia maonyesho ya zana hizo. Uwezo huo ulikuja kuondolewa kwa mageuzi ya mwaka 1997, baada ya kuwameza waandishi, wabunge na viongozi wa upinzani wa tawala mbili mfululizo.

Kuna jambo moja kuhusu enzi ya Mwakenya ambalo halijatiliwa maanani ya kutosha. Washukiwa wengi waliotolewa Nyayo House walifikishwa kortini jioni, saa za kazi zikiwa zimekwisha, bila wakili, wakakiri makosa na kufungwa siku hiyo hiyo. Kwa hivyo anayeyafungua majalada ya mahakama leo hatasoma habari za maji wala za giza. Atasoma kwamba mshtakiwa alikubali kosa. Hapa ndipo inapoonekana hatari ya kudhani kwamba kuhifadhi historia ni kutunza makaratasi ya serikali tu. Makaratasi hayo yenyewe yaliandikwa ili yadanganye. Yaliyowapata watu hao yanajulikana kwa kuwa wenyewe walisema, wakaandika, na hatimaye wakaenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2010 iliwapa ushindi walalamishi 21 na kuamuru walipwe fidia.

Hali ilikuwa vivyo hivyo Wajir. Mnamo Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawaweka juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliofariki ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC) ilikuja kukadiria kwamba walikaribia elfu moja, na wenyeji hutaja idadi kubwa zaidi. Habari za mauaji hayo hazikuzimika kabisa kwa sababu walikuwepo watu waliothubutu kuzitunza, miongoni mwao Annalena Tonelli, mhudumu wa misaada kutoka Italia aliyewatibu majeruhi na kusaidia kuupeleka ushahidi nje ya nchi. Baadaye alifukuzwa Kenya. Aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Borama mwaka 2003.

TJRC yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi na kumkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti yake Mei 21, 2013. Kabla ya kukabidhiwa, makamishna watatu wa kigeni walikuwa wamejitenga na sura inayohusu ardhi, wakilalamika kwamba aya zilizomgusa rais wa kwanza zilibadilishwa kutokana na shinikizo kutoka Ikulu. Kabla ya mwaka huo kwisha, Bunge liliirekebisha sheria ili utekelezaji wa ripoti usubiri kwanza kujadiliwa na wabunge. Mjadala huo umekuwa ukisubiriwa tangu hapo. Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa ajili ya waathiriwa, na mengi ya hayo yakaishia katika hotuba. Mtovuti wa tume ulipotoweka, mtu aliyetaka kuisoma ripoti ya Kenya kuhusu Kenya alilazimika kuitafuta katika hifadhi ya chuo kikuu kimoja mjini Seattle, Marekani.

Wanaopinga juhudi hizi huwa na methali yao tayari: yaliyopita si ndwele, gange yajayo. Methali hiyo ni nzuri katika ugomvi wa majirani. Kwa dola iliyoua watu wake haifai, kwani hakuna anayeweza kuganga ugonjwa ambao amekatazwa kuutaja. Aidha, ni vigumu kutoona kwamba methali hiyo hupendwa zaidi na wale ambao majina yao yamo katika ripoti.

Hata hivyo, si kila makumbusho huzuia udhalimu, na hilo lisemwe waziwazi. Ethiopia ilifungua jijini Addis Ababa, mwaka 2010, makumbusho ya kuwakumbuka waliouawa na utawala wa Mengistu Haile Mariam. Mafuvu na picha za waliouawa ziliwekwa mbele ya umma. Katika miaka hiyo hiyo, serikali iliyokuwa madarakani iliendelea kuwatesa wapinzani wake katika gereza la Maekelawi, jijini humo humo, hadi lilipofungwa mwaka 2018. Mshindi alikuwa amehifadhi dhambi za aliyeshindwa na kuziacha zake nje ya kuta. Argentina ilifuata njia nyingine: chuo cha mafunzo cha jeshi la wanamaji, ESMA, kilichotumiwa kuwatesa na kuwapoteza watu baada ya mapinduzi ya 1976, kiligeuzwa kuwa mahali pa kumbukumbu huku maafisa waliohusika wakishtakiwa na kufungwa. Kumbukumbu na kesi zilikwenda sambamba, na ushahidi wa upande mmoja ukawa nguvu ya upande wa pili.

Kenya haina hata kimoja kati ya hivyo kwa ukamilifu, na gharama yake imeanza kuonekana. Baada ya maandamano ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema mwishoni mwa mwaka huo kwamba ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya watu waliotekwa nyara, na kwamba 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko. Wengi wa vijana walioandamana walikuwa hawajazaliwa Nyayo House ilipokuwa ikitumika. Juni 2025 mwalimu mmoja kijana alifariki akiwa mikononi mwa polisi, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulionyesha vinginevyo. Kati ya maji ya Hola na ukuta huo kuna miaka 66.

Agosti 2025 Rais William Ruto alimteua Profesa Makau Mutua kusimamia mpango wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano. Mutua ndiye aliyeongoza jopo lililopendekeza, mwaka 2003, kuundwa kwa tume ya ukweli. Mpango wa 2025 ulihusu matukio ya kuanzia 2017. Ya Wagalla na ya Nyayo House yalibaki katika ripoti ya 2013, pamoja na mapendekezo yake kuhusu fidia na kumbukumbu, ikingojea kupitishwa na Bunge.