Jina la Tingatinga Halichimbi Mtaro

Msimu mmoja wa mvua nilikuwa nikipita katika kijiji cha Raila, huko Kibera, nikawakuta vijana watano wamekizunguka kibanda cha chai wakibishana kwa sauti za juu kama mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Nilidhani ni kandanda. La hasha! Ubishi ulikuwa juu ya matingatinga. Mmoja alishikilia kwamba hakuna mashine duniani inayoifikia Caterpillar ya Marekani. Mwenzake akamjibu kuwa Komatsu ya Wajapani hunywa dizeli kidogo na huchapa kazi vivyo hivyo. Wa tatu, ambaye aliwahi kufanya kibarua katika ujenzi wa barabara, akawacheka wote wawili, akisema kuwa zama hizi ni za Wachina, akina Sany na XCMG, na asiyelijua hilo amelala.

Hatua chache kutoka kibandani palikuwa na mtaro wa maji machafu uliochimbwa nusu na kuachwa wazi. Mashine iliyouchimba ilikuwa imesimama kando yake kwa majuma matatu, mkono wake umeinama kama wa mgonjwa. Mpira wa kupitishia mafuta ya hidroliki ulikuwa umepasuka, na kipuri kilikuwa kikingojewa. Watoto wa shule waliuvuka mtaro ule juu ya ubao mmoja, mikoba mgongoni, huku mama mmoja akiwashika mikono kila asubuhi. Nembo iliyokuwa ubavuni mwa mashine sitaitaja, maana si yenye kosa. Kilichonishangaza ni kwamba kati ya wale vijana watano hapana hata mmoja aliyeuliza mpira ule unauzwa wapi, kwa bei gani, na nani anayejua kuufunga.

Hilo, mpenzi msomaji, ndilo ninalotaka kulijadili leo. Mapenzi kwa jina la kiwanda si upumbavu, lakini hugeuka upumbavu pale yanapotenganishwa na fundi na duka la vipuri.

Majina haya yametuingia hata kwenye lugha. Caterpillar ni kampuni iliyoundwa mwaka 1925 huko California, Holt na Best walipoungana baada ya kushindana kwa miaka. Leo "katapila" ni neno la Kiswahili, na mtu anaweza kusema bila kuona haya kuwa ameona katapila la Komatsu. JCB nayo ni herufi za jina la Joseph Cyril Bamford, Mwingereza aliyeanzisha karakana yake mwaka 1945, lakini watu wengi huiita JCB mashine yoyote yenye ndoo mbele na mkono nyuma. Kampuni hutumia fedha zisizohesabika ili majina yake yakae vinywani mwa watu. Sisi tumewafanyia kazi hiyo bila malipo.

Raila pana jambo la ziada. Kijiji chenyewe kinaitwa kwa jina la Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, ambaye alikuwa mbunge wa Lang'ata kutoka 1992 hadi 2013 wakati Kibera ilipokuwa sehemu ya eneo hilo. Chama chake cha NDP katika miaka ya 1990 kilichukua trekta kuwa alama, na hapo ndipo alipopata lakabu ya "Tinga". Kwa hivyo neno tingatinga likitamkwa Kibera huamsha mapenzi mengine kabisa, ya kisiasa. Kisha tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yenyewe, ya chuma, yaliingia Kibera alfajiri na kuangusha nyumba na shule ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Maelfu ya watu walilala nje. Nimesikia wakazi wakisema kwa uchungu kwamba mashine ya kubomoa haikosi dizeli wala kipuri, ila ya kuchimba mtaro ndiyo huugua kila mara. Sina la kuwajibu.

Turudi kwenye uchaguzi. Mkandarasi anayeng'ang'ania jina moja miaka ishirini huwa na sababu zake. Mwendeshaji wake amezizoea zile nyenzo hata mikono yake inajua kabla ya macho. Fundi wake husikia mlio wa injini na kujua kilichoharibika. Akiwa na mashine nne za aina moja, iliyokufa huzitolea viungo zile tatu zilizo hai. Tena akitaka kuiuza, wanunuzi huja wenyewe. Huo ni uaminifu wenye hesabu ndani yake, nami siwezi kuucheka. Vilevile mkandarasi wa kigeni anapotua nchini na mashine za kwao, mafundi wa kwao na makontena ya vipuri, amechagua kwa busara. Anayenunua mashine hiyo hiyo baadaye bila fundi wala kontena amenunua chuma tu.

Tatizo huzidi pale mnunuzi anapotumia fedha za umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inakataza zabuni kutaja jina la kiwanda au nembo, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo ni lazima vifaa vinavyolingana navyo vikubaliwe. Ni sheria njema, kwa kuwa inawazuia wakubwa kununua majina ya marafiki zao. Lakini mtu aliyenyimwa jina mara nyingi hukimbilia bei, akachukua iliyo rahisi kuliko zote na kudhani ametimiza haki. Sheria haikumkataza kuuliza juu ya vipuri, mafunzo na matengenezo. Hakuuliza kwa sababu hakufunzwa kuuliza.

Walimu wa hisabati wangeweza kulifanya somo hili kuwa tamu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mashine ya kwanza inauzwa shilingi milioni 20, na baada ya miaka mitano itauzwa tena kwa milioni 8. Ya pili inauzwa milioni 13, na baada ya muda huo huo haipati mnunuzi wa zaidi ya milioni 2. Ya kwanza imemgharimu mwenyewe milioni 12, ya pili milioni 11. Ile tofauti ya milioni 7 iliyoonekana dukani imekuwa milioni 1. Sasa tuseme kila mojawapo hukodishwa kwa shilingi 60,000 kwa siku. Mashine ya bei nafuu ikisimama siku 17 zaidi ya mwenzake kwa kungoja vipuri, imeila ile milioni yote na kubakisha deni la shilingi 20,000. Mashine ya Raila ilikwisha kusimama siku 21 nilipoiona! Wala simpigii debe mwenye bei kubwa. Mwanafunzi aigeuze hesabu: vipuri vya ile ya bei nafuu vikiwa karibu na vya ile nyingine vikiwa ng'ambo, yenye jina kubwa ndiyo itakayoshindwa.

Anayedhani kwamba kosa hili ni la watu maskini wa Afrika na afungue historia ya jirani zetu wa Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, makao yake yakiwa Kongwa, kwa lengo la kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu. Baada ya vita matrekta mapya hayakupatikana, kwa hivyo wakanunua yaliyokwisha kutumika, mengine kutoka kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Mengi yalifika yakiwa mabovu. Kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya Sherman na kuvigeuza matrekta, vikaitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mizizi ikakataa kung'oka, na karakana haikuweza kuzihudumia mashine za kila namna. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Hao walikuwa wataalamu wa dola kubwa, tena wenye vyuo.

Kwa nini basi jambo hili nawaandikia walimu na wanafunzi? Kwa sababu vijana wa Kibera na Kawangware ndio wanaojiandikisha Huduma ya Vijana kwa Taifa na vyuo vya ufundi wakitaka kuendesha mitambo hii, na baadhi yao kesho watakaa katika kamati za zabuni za kaunti. Wakitoka shuleni na mapenzi ya nembo tu watakuwa mashabiki wenye leseni. Ningependa mwanafunzi apelekwe Eneo la Viwanda, aingie madukani, aulize kipuri kimoja cha mashine tatu tofauti, kisha aandike bei yake na siku za kukingoja. Ziara hiyo ni nauli ya matatu tu.

Kile kipuri cha Raila kilifika katika juma la nne, kimefungwa ndani ya gunia, nyuma ya bodaboda. Kilikuwa kirefu kama mkono wangu. Fundi alikifunga kwa muda usiofika saa moja, mashine ikanguruma, na yule mama akauondoa ubao wake kabla haujazolewa pamoja na udongo. Wale vijana walisogea kutazama, na kabla mtaro haujafika mwisho walikwisha kuanza tena, safari hii wakibishania magurudumu.