Acheni Kuburuta Kihori

Wasee, leo nakanyaga vidole vya watu. Zile safari za tanga tunazochangia kila Disemba, za Kilifi, Watamu na Lamu, zina kitu kimoja ambacho hakuna mtu hurekodi na hakuna mtu huuliza, na ndicho cha maana kuliko vyote: ile mashua ndogo. Watu wa yoti huiita dingi. Lamu utasikia kihori. Mimi nitashika neno la Lamu, maana ni letu.

Msimamo wangu ni huu. Chombo cha tanga kikitoka nje ya mwamba, kihori kinafaa kuwa juu ya sitaha, kimelazwa kifudifudi, kimefungwa vizuri, makasia yakiwa ndani. Si kuburutwa nyuma kwa kamba kama mbwa aliyechoka. Si kuachwa ufuoni. Si kukunjwa chini ya kreti za soda na mablanketi ya pikiniki. Nahodha ambaye hawezi kukuonyesha kihori kiko wapi na kitashushwa vipi, usimpe pesa yako. Mambo ni hayo.

Najua mtasema, "Msee wa Spring Valley anajua nini kuhusu bahari? Maji ya karibu na kwao ni dimbwi la Lower Kabete Road mvua ikinyesha." Sawa, mmenipata. Lakini hata Nairobi ilikuwa na matanga yake: Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, lilikuwa na klabu ya mashua za tanga kabla gugu-maji kulifunika. Na zaidi ya hapo, sisi ndio wateja. Sisi ndio tunashuka na treni ya Madaraka tukiwa na droni na miwani ya jua. Kama anayelipa hana haki ya kuuliza maswali, ni nani anayo?

Tuanze na kazi ya kihori, maana wengi wanadhani ni pambo. Chombo cha tanga kina mkuku ama kina uzito, hakiwezi kupanda mchangani ovyo. Kinatia nanga pale maji yana kina, halafu kihori kinakuwa bodaboda: kinawapeleka watu nchi kavu, kinaleta maji ya kunywa, kinarudisha takataka. Chombo kikikwama kwenye fungu la mchanga, kihori ndicho kinabeba nanga ya pili kuipeleka kwa kina ili chombo kijivute kitoke. Na mtu akianguka majini, kihori kinaweza kumfuata pale chombo kikubwa hakigeuki haraka. Tanga halina breki. Mpaka nahodha ageuze, rafiki yako ashakuwa nukta kwenye mawimbi.

Sasa, kwa nini watu hukiburuta? Kwa sababu ni rahisi. Unafunga kamba nyuma, unaenda. Sitaha inabaki wazi kwa mito ya kulalia na picha. Ndani ya mlango wa Kilifi, maji yakiwa yametulia na safari ni ya dakika kumi, sina neno. Buruta tu. Shida inaanza ukipita mwamba.

Nje huko, kihori kinachovutwa kina akili yake. Wimbi likikinyanyua kutoka nyuma, kinateleza kama ubao wa mawimbi na kuja kugonga tezi ya chombo chenu. Kisha kinabaki nyuma, kamba inalegea, halafu inakazwa ghafla. Pwaa! Inalegea, inakazwa. Fanya hivyo saa mbili na utang'oa ile pete ya mbele iliyoshika kamba. Kama ni cha mpira, upepo unaingia chini na kukipindua kama kitumbua kwenye kikaango. Kama ni cha mbao au plastiki, kinajaa maji. Hesabu ni ya darasa la nne: lita moja ya maji ni kilo moja. Kihori chenye lita 200 ndani ni kilo 200 mnazovuta bila mpango.

Na kuna ile mbaya kabisa. Kuna kitu kimetokea, mtu anapiga kelele, nahodha anawasha injini na kurudi nyuma haraka. Ile kamba imelegea. Inaingia chini, inajisokota kwenye propela, injini inakufa. Kihori kilichofaa kuwaokoa ndicho kimewafunga miguu. Kichekesho cha mwaka, ila hakichekeshi.

Wengine huweka ile mikono miwili ya chuma pale tezi na kukining'iniza. Hiyo ni afadhali sana, na ndani ya ghuba ni nzuri kabisa: usiku unakiinua, mwizi hakipati na kamba haikatiki ukiwa umelala. Lakini kizibo cha chini lazima kiwe wazi, la sivyo mvua moja ya nguvu inakijaza na ile mikono inapinda. Na bahari ikiwa kubwa, wimbi la kutoka nyuma linakipiga kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Safari ya mbali wakati wa kusi, kishushe ukilaze sitahani.

Halafu kuna kile cha mpira kilichotolewa upepo na kufichwa chini. Mwenye chombo atakuambia kwa sauti ya utulivu, "Kipo, usijali." Kipo, ndiyo. Chini ya nini? Pampu iko wapi? Nani atapuliza dakika kumi nzima huku watu wanalia? Ni kama kuwa na tairi ya spea, lakini umeiacha kejani Spring Valley, na pancha imekupata Mtito Andei. Uko na spea. Huna spea.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Titanic, 1912. Kila mtu anajua mashua hazikutosha: zilikuwa 20, na nafasi zake zote pamoja zilikuwa za watu 1,178, wakati waliokuwa melini walizidi 2,200. Kile ambacho filamu haikukaa nacho sana ni kwamba hata kati ya hizo 20, mbili za kukunjwa zilikuwa zimewekwa juu ya paa la vyumba vya maafisa. Saa ya mwisho watu wakaparamia huko juu kuzishusha kwa nguvu. Hazikushushwa inavyofaa. Moja iliondoka imejaa maji. Nyingine ilielea imepinduka, na wanaume wakasimama juu ya tumbo lake usiku kucha kwenye baridi. Mashua zilikuwepo. Zilikuwa mahali pabaya tu.

Na msiniambie hii ni akili ya Wazungu. Pwani hii ilijua kitambo. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri 1938 hadi 1939 kwenye jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, nahodha akiwa Ali Nasser Al-Nejdi, wakashuka na kaskazi hadi Zanzibar na delta ya Rufiji kutafuta boriti za mikoko. Sitaha ilijaa abiria, mizigo, jiko, kila kitu, na bado mashua zilipata nafasi yake humo juu. Seremala wao hata aliunda mashua nzima sitahani wakiwa safarini. Hao watu hawakuwa na simu ya kupigia mtu. Kwa hivyo ukiniambia chombo chako cha wageni kumi na wawili "hakina nafasi" ya kihori, mimi nasikia kitu kingine: umeuza ile nafasi.

Na imeuzwa kwetu. Disemba iliyopita nilikuwa kwenye safari moja kama hizi, chombo sitakitaja. Nikauliza kihori kiko wapi. Jamaa aliyetupokea akanijibu, "Kiko ufuoni, bro, tukirudi kitatuchukua." Mbogi yangu ikacheka, mmoja akaniambia niache kuharibu vaibu. Tulienda, tukarudi, hakuna kitu kilitokea. Na ndio maana hii tabia haifi: siku nyingi hakuna kitu hutokea. Bahari inakukopesha, inakukopesha, halafu siku moja inataka yote na riba.

Kuna wale wa "si tuko na jaketi za kuokolea?" Vizuri, vaa. Lakini jaketi linakufanya uelee, halikurudishi. Kuna wale wa "Walinzi wa Pwani wako." Kikosi hicho kilizinduliwa Novemba 2018, na ni jambo zuri. Ila hakiwezi kuwa nyuma ya kila chombo cha sherehe. Dakika tano za kwanza ni zenu wenyewe na kile mlichobeba.

Tunajua dakika hizo zinavyokaa. Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika mkondo wa Likoni, ndani kukiwa na mama na binti yake wa miaka minne. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba. Sisemi kihori kingewaokoa, ile ilikuwa feri na ina maswali yake mazito. Nasema hivi: video ya gari likizama tuliiona nchi nzima, na hakuna aliyewafikia. Simu zilikuwa tayari kuliko kitu kingine chochote. Kizazi chetu kinafaa kuona haya hapo, halafu kifanye kitu.

Kitu chenyewe si kigumu. Kabla ya kutuma pesa, uliza maswali manne. Kihori kiko wapi tukiwa nje ya mwamba? Kitashuka majini kwa dakika ngapi, na nani atakishusha? Makasia yako ndani, au tunategemea injini ndogo peke yake? Na kimefungwa vipi: kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, au kwa rundo la mafundo linalotaka kisu ambacho hakuna mtu anacho? Bora zaidi, sema, "Nionyeshe." Nahodha wa kweli hatakasirika. Atafurahi sana kwamba kuna mtu wa Nairobi ameuliza kitu kingine mbali na nenosiri la waifai. Ukiona anazungusha maneno, chukua pesa yako na ukae ufuoni, mahamri na mbaazi zipo.

Na kwa sisi watengenezaji kontenti: droni ikipaa, msikikate kihori kwenye picha. Kionyesheni. Kikiwa kimelala vizuri sitahani, msifu huyo nahodha kwa jina la chombo chake ili apate wateja. Kikiwa kinaburutwa nje ya mwamba, uliza hapo hapo, kamera ikiwaka. Wenye vyombo hufuata kile kinachopendwa na wateja. Tukipenda mito, wataweka mito. Tukidai kihori, wiki ijayo kitapanda sitahani.

Tahadhari kabla ya hatari, tuliimbishwa hiyo shuleni. Disemba ikifika mtaniambia ni wangapi mmeuliza, na mlijibiwa nini.